Buddha alishawaambia mabosi: mpeni mtu likizo

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo niko kando ya mto Kamo hapa Kyoto, kwa hiyo upepo ukiingia kwenye maiki mnivumilie.

Kwenye video iliyopita wengi mliuliza: hao Wajapani wana mahekalu kila kona, mbona ndio hao hao wanaokufa kwa kazi? Mwingine akaandika kwamba dawa ya msongo wa kazi ni huo Ubudha, dini yao ya kukaa kimya na kuvuta pumzi, tuichukue na sisi. Hapo nimekataa. Na mama, kama unatazama, usishtuke, sijabadili dini. Halafu Ubudha si mgeni kwetu: Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka zaidi ya miaka mia iliyopita, na lipo mpaka leo.

Hiyo ya kuvuta pumzi ilishatoka hekaluni zamani. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliiingiza hospitalini kule Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Mwaka 2007 mhandisi wa Google, Chade-Meng Tan, akaanzisha kozi ya kutafakari kwa wafanyakazi wenzake. Leo zipo programu unazolipia kila mwezi zikukumbushe kupumua, kwenye simu ile ile iliyokunyima usingizi. Sisemi haisaidii. Mimi mwenyewe nafanya kabla ya zamu. Ila jiulizeni kwa nini mabosi wameipenda hiyo peke yake. Ni rahisi! Unampa mtu dakika kumi atulie, kisha unamrudishia mzigo ule ule, na akiugua utasema hakuvuta pumzi vizuri.

Buddha mwenyewe, mwanzilishi wa dini hiyo, hakuishia hapo. Kuna habari ya kijana anaitwa Sigala, wa Rajagaha, mji ambao leo unaitwa Rajgir, jimbo la Bihar, India. Asubuhi na mapema Buddha anaelekea mjini kuomba chakula, anamkuta kijana kalowa, nguo mbichi, nywele mbichi, anasujudia mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu. Vipi kijana? Baba aliniachia wosia kabla hajafa, niziheshimu pande sita. Ndiyo hivyo, anatii tu. Buddha akamwambia pande hizo ni watu. Mashariki ni wazazi wako, kusini walimu, magharibi mke na watoto, kaskazini marafiki, juu watawa. Na chini? Chini ni wale wanaokufanyia kazi.

Kisha akamtajia mwajiri wajibu wake, na hapa sikilizeni kama mnasomewa mkataba. Ampangie mtu kazi kwa kadiri ya nguvu zake. Ampe chakula na mshahara. Amuuguze akiumwa. Akipata kitu kitamu, agawane naye. Na ampumzishe kwa wakati wake. Maneno haya yana miaka zaidi ya elfu mbili, jamani! Mimi hicho kitu kitamu ndicho kilichonimaliza, maana nimefanya kazi sehemu ambayo hata chai tulikuwa tunaisikia harufu tu.

Mfanyakazi naye ana yake: aamke kabla ya bosi, alale baada yake, achukue alichopewa tu, kazi aifanye vizuri, na huko nje amsifu bosi wake. Hapo kwenye kuamka mapema na kuchelewa kulala, Wajapani wamepashika kwa mikono miwili. Ile ya kupumzishwa ndiyo imebidi iingiliwe na serikali. Tangu Aprili 2019 sheria inataka mwajiri ahakikishe mtu mwenye likizo ya siku 10 au zaidi anachukua angalau 5 kwa mwaka. Yaani sheria ya kumlazimisha mtu apumzike! Lakini ukifanya nao kazi unaelewa. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya mimi, mtu akitoka likizo anarudi na boksi la biskuti, kila biskuti imefungwa peke yake, anapita meza kwa meza anagawa huku ameinamisha kichwa. Kitu kitamu kinatoka kwa aliyepumzika, kama fidia ya kuwaachia wenzake mzigo.

Wapo mabosi waliojaribu. Kazuo Inamori, mwanzilishi wa kampuni ya Kyocera ya hapa Kyoto, alitawazwa mtawa wa Zen, tawi mojawapo la Ubudha, mwaka 1997. Mwaka 2010, akiwa na miaka 78, alipewa shirika la ndege la Japan Airlines lililofilisika, akalisimamisha bila kuchukua mshahara, na akaandika kabisa kwamba lengo la kwanza la kampuni ni ustawi wa wafanyakazi wake. Ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini katika kuliokoa, ajira takriban 16,000 zilipunguzwa. Waliobaki walipata falsafa, walioondoka sijui walipata nini. Nampenda mzee huyu, ila hesabu hiyo hainikai.

Sasa kabla hamjawacheka Wajapani. Wewe unayelalamika bosi anatuma sauti kwenye grupu la kazi saa nne usiku, na akiona tiki za bluu anataka jibu, nakuelewa, una haki. Ila upande wako wa chini yuko nani? Dada wa kazi. Kaamka kabla yako, kalala baada yako, kwa hiyo zamu yake katimiza. Kapumzika lini? Nyama anakula ipi?

Kwetu Tanga mshahara wa dada natuma mimi kutoka huku. Mwezi uliopita nikamwambia mama, dada apumzike Jumapili nzima, atoke akitaka, na simu yake akae nayo. Mama akacheka, halafu akanuna. "Jumapili ndiyo wageni wanakuja, mwanangu, nani atapika?" Nikamwambia wapike waliozaliwa humo. Akakata simu. Baada ya muda kaka yangu akapiga, kafura kwelikweli, maana aliyezaliwa humo na bado yumo ni yeye.

Haya, betri inaisha. Wenye dada wa kazi, niandikieni hapo siku yake ya mapumziko ni ipi. Kaka, wewe usiandike.