Mtoto Anaenda Kufanyiwa Upasuaji wa Nyonga: Andaa Haya Kabla Hajafungwa Hogo

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote hamjambo. Leo mezani nina mdoli, pampasi za saizi mbili, kanga na roli ya plasta isiyopitisha maji. Mada ni nyonga ya mtoto mdogo, ile iliyotoka kwenye kikombe chake, mikanda ya kliniki ikashindwa kuirudisha au tatizo likagundulika umri wa mikanda umeshapita, na sasa mmepewa tarehe ya upasuaji. Naongea na wazazi wa mtoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 3 hivi, muwe huku Uingereza nilipo mimi au huko nyumbani.

Wazazi wengi wiki zote za kusubiri wanaiogopa siku ya thieta. Lakini siku ile ina wenyewe: daktari wa mifupa, daktari wa usingizi, manesi. Mzigo wenu nyie ni hogo, plasta ngumu inayoanzia chini ya kifua mpaka karibu na vifundo vya miguu. Mtakaa nalo wiki 6 mpaka 12, usiku na mchana, na hamna nesi nyumbani.

Kwanza jueni mtoto anafanyiwa nini, maana upasuaji wa nyonga si wa aina moja. Kwa mtoto ambaye hajafika mwaka na nusu, daktari mara nyingi hujaribu kwanza kuirudisha nyonga bila kufungua. Mtoto anapewa nusu kaputi, anachomwa dawa ya rangi ndani ya kiungo ili kionekane vizuri kwenye eksirei, pengine anakatwa kidogo kano ya ndani ya paja inayovuta mguu, nyonga inarudishwa, anafungwa hogo. Nyonga ikigoma, au mtoto akiwa ameshatembea, hapo wanafungua. Kwa mkubwa zaidi wanaweza kukata mfupa pia: ama ule wa juu ya kikombe, ili kikombe kikifunike vizuri kichwa cha paja (njia ambayo Salter wa Toronto aliichapisha mwaka 1961 na bado inatumika), ama mfupa wa paja wenyewe, unafupishwa, unaelekezwa upya na kushikwa kwa bamba na skrubu.

Kwa hiyo mkikaa na daktari, ulizeni: mnafungua au hamfungui? Mnakata mfupa upi? Vyuma vitatolewa lini? Hogo litashika mguu mmoja au yote miwili? Litabadilishwa katikati? Hilo la kubadilisha wengi hawaliulizi, halafu wanashtuka wiki ya sita wanapoambiwa kuna nusu kaputi nyingine. Ulizeni pia uwezekano wa nyonga kutoka tena, na uwezekano wa damu kutofika vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Hizo ndizo hatari mbili kubwa za upasuaji huu, na daktari mzuri hatanung'unika kuulizwa.

Nikiwa hapo hapo, niseme na mabibi na mashangazi, kwa heshima zote. Nyonga iliyotoka hairudi kwa kukandwa, wala hakuna aliyemroga mtoto akatembea kama bata. Kila mwezi unaopita kikombe kinazidi kupungua kina na misuli inazidi kukaza, ndiyo maana mtoto wa miezi 8 anaweza kupona bila kufunguliwa na wa miaka 3 akakatwa mfupa. Ila jambo moja mabibi mlipatia zamani: mbeleko. Mtoto anayebebwa mgongoni miguu imekumbatia kiuno cha mama, nyonga zake zimekaa mahali pake. Kumfunga mtoto mchanga miguu imenyooka na kubanwa pamoja ndiko kunakoharibu.

Twende kwenye vipimo. Wingi wa damu na kundi la damu, hasa kama mfupa utakatwa. Huko nyumbani ndugu wanaweza kuombwa wachangie damu kabla ya tarehe, basi msisubiri usiku wa kuamkia upasuaji ndipo mpigie simu wajomba. Halafu seli mundu. Aliyezaliwa Uingereza hupimwa kwa damu ya kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, majibu yapo. Aliyezaliwa kwingine huenda hajapimwa kabisa, na daktari wa usingizi lazima ajue, kwa sababu mtoto mwenye seli mundu anahitaji maji, joto na oksijeni ya uangalizi zaidi akiwa amelala. Msiifiche kwa aibu ya ukoo.

Wiki mbili za mwisho, mkingeni na mafua. Kikohozi chenye makohozi, homa au kifua kinachokoroma vinatosha kuahirisha, maana njia ya hewa iliyovimba hubana mtoto akiwa kwenye usingizi wa dawa. Kama alikuwa karibu na mtoto mwenye tetekuwanga au surua, pigeni simu hospitali kabla ya kwenda. Tetekuwanga inaweza kujificha hadi siku 21, na wodi ina watoto wengine. Chanjo nazo zinaweza kuleta homa siku mbili za kwanza, kwa hiyo taja tarehe za chanjo. Na ngozi: upele wa pampasi au kidonda kinenani kitibiwe sasa, kwa sababu ndani ya hogo hamtakiona.

Kufunga kula. Kanuni inayotumika sana ni chakula na maziwa ya kopo au ya ng'ombe mwisho muda wa saa sita kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya mama muda wa saa nne kabla, maji matupu muda wa saa moja hadi mbili kabla. Hospitali nyingine zina mpangilio wake, fuateni barua yao. Uji mwepesi ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Juisi ya embe yenye nyama nyama ni chakula. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu mtoto akiwa amelala, na ndiyo maana wataahirisha bila huruma. Na kuna mtego wetu sisi Waswahili: barua ikisema 02:00, hiyo ni saa nane ya usiku, si saa mbili. Iandikeni kwa Kiswahili mbandike kwenye friji, na kila anayelala nyumba hiyo aambiwe, pamoja na yule kaka mkubwa anayependa kumgawia mdogo wake biskuti.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu aelezwe siku moja au mbili kabla, si mwezi mzima. Chukueni mdoli, mfungeni bendeji kiunoni na miguuni, mwambieni daktari atatengeneza mguu, utapewa dawa ya kukulalisha, ukiamka utakuta umevaa suruali ngumu. Msimdanganye kwamba hakuna sindano. Kuna krimu ya ganzi inayopakwa mkononi kama saa moja kabla, iombeni. Na mjiandae na kuamka kwake: watoto wengi huamka kutoka nusu kaputi wanalia, wanarusha mikono, hawamtambui hata mama, kwa dakika 20 au 30. Mara nyingi ni dawa inatoka mwilini, ingawa nesi ataangalia kama ni maumivu pia.

Sasa sogeeni karibu na meza, maana hili la pampasi ndilo linaloharibu mahogo mengi. Mkojo ukiingia kwenye pamba ya ndani hautoki. Unanuka, unachubua ngozi, na hogo linaweza kulazimika kubadilishwa.

Kabla ya yote, kingo. Kata plasta isiyopitisha maji vipande vya sentimita kama 8, pembe uzizungushe kwa mkasi ziwe duara, kwa sababu pembe kali ndiyo inayobanduka kwanza. Nusu ya kipande inaingia ndani ya ukingo wa tundu la pampasi, nusu inakunjwa nje juu ya hogo. Kinachofuata kikalie kile cha kwanza kidogo, kama magamba ya samaki, mpaka umezunguka tundu lote. Hogo la POP, yaani la jasi, linahitaji siku moja mpaka tatu kukauka vizuri, lile la faiba linakauka haraka. Muulize nesi kabla hujabandika.

Pampasi ziwe mbili. Ya ndani ni saizi moja au mbili chini ya ile anayovaa. Vile vishikio vya pembeni vikunje, huvihitaji. Unaipenyeza mbele kwanza, ndani ya hogo kuelekea tumboni, kwa vidole bapa, hivi, bila kuikunja. Halafu unamgeuza unapenyeza nyuma, na mwisho pembeni kwenye mapaja. Ukimaliza, pitisha kidole: ukingo wa pampasi usionekane popote, wote uwe chini ya hogo. Ukiona hata sentimita moja imechungulia, mkojo utapita hapo hapo. Usiku weka pedi ya wanawake katikati. Pampasi ya pili, kubwa, inafungwa nje juu ya hogo, kazi yake ni kushikilia ile ya ndani tu. Ile ya ndani ibadilishwe kila saa mbili mchana, usiku kila saa tatu au nne, na kinyesi mara tu kikitoka. Nepi ya kitambaa haifai hapa, inakaa mbichi juu ya ngozi. Kama pesa ni ya mawazo, punguzeni kwingine.

Na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa: blanketi lililokunjwa liwekwe chini ya godoro, si mto chini ya shingo. Mkojo unafuata mteremko, uende kwenye pampasi, usipande mgongoni. Hogo likilowa kidogo, tumieni feni au hewa baridi ya draya. Hewa ya moto inaunguza ngozi ndani na nyie hamjui. Poda, mafuta, kijiti cha kukunia, vyote marufuku. Na angalieni wadogo zake wasitumbukize punje za mahindi.

Kumbeba: mkono mmoja chini ya mgongo, mwingine chini ya makalio na paja. Kile kijiti kinachounganisha miguu, kama kipo, si mpini, kikivunjika hogo zima linalegea. Piga goti, usiiname, utaumia wewe kiuno. Mgeuzeni kila saa mbili hadi nne, hata kifudifudi akiwa macho na mto chini ya kifua, anaweza kuchora na kula hivyo. Akilala chali, visigino vining'inie: taulo iliyokunjwa iwekwe chini ya mashavu ya miguu. Kisigino kinachogusa godoro usiku kucha hupata kidonda.

Nguo zisiwashughulishe sana. Fulana ya saizi kubwa, kanga juu yake, imetosha.

Usafiri ndio umewaumbua wengi siku ya kuruhusiwa. Miguu imepanuka, kiti cha kawaida cha gari hakimpokei. Huku Uingereza ulizeni hospitali wiki kadhaa kabla kama wanaazimisha kiti kipana, na shirika la Steps lina ushauri kwa wazazi wa watoto wa nyonga. Msikate sponji ya kiti mlichonacho ili mtoto atoshe, kitashindwa kumlinda. Nyumbani, iwe mnatibiwa MOI au CCBRT Dar, KCMC Moshi, Kijabe kule Kenya au CoRSU Uganda, bodaboda haiwezekani na bajaji inarusha mno. Kodini gari lenye kiti cha nyuma kipana, na pimeni mlango wa nyumba na wa choo.

Dawa ya maumivu: siku tatu za mwanzo itoeni kwa ratiba, msisubiri kilio. Paracetamol kawaida huhesabiwa miligramu 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa saa 24. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 180. Kwa dawa ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Lakini kuna chupa za miligramu 250 kwa mililita 5, na hapo kipimo kile kile kinazidi maradufu. Someni lebo, na kilo za hospitali ni za kabla ya hogo. Misuli ikishtuka usiku akaruka usingizini, mwambieni daktari, kuna dawa yake. Choo kitakuwa kigumu kwa sababu ya kulala na dawa kali, basi papai, maji, milo midogo midogo. Tumbo likijaa, hogo halitanuki.

Mara kadhaa kwa siku angalieni vidole vya miguu. Kwa ngozi yetu msitafute wekundu mguuni, tazameni kucha na nyayo. Bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Vidole vikiwa baridi, vimevimba, havichezi, au mtoto analia bila kunyamaza hata baada ya dawa, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo homa, kutapika kusikokoma, doa jipya linalopanuka kwenye hogo, au harufu ya kuoza ambayo si ya mkojo.

Siku ya kulitoa, msumeno unapiga kelele lakini unatetema tu, haukati ngozi kama hogo. Ndani mtakuta ngozi imekauka na maganda ya njano. Maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo, bila kusugua. Miguu itabaki imepanuka kama chura kwa siku kadhaa. Msiibane pamoja wala kuinyoosha kwa nguvu, mfupa uliokaa wiki nyingi bila kazi ni dhaifu na unavunjika kirahisi. Aachwe aanze mwenyewe kwenye mkeka, na kuchechemea kwa miezi kadhaa ni kawaida. Kliniki ya eksirei itaendelea kwa miaka, mpaka mifupa ikomae, kwa hiyo ombeni nakala ya picha kila mnapotoka, pamoja na karatasi ya upasuaji inayosema walikata wapi na waliweka chuma gani. Mkihama mji au nchi, daktari mpya ataviomba hivyo kwanza.

Maswali ya pampasi andikeni hapo chini, nitayajibu kwa mdoli huyu huyu.