Mnong'ono Kutoka Angani: Vipokezi vya GPS vya Kijeshi

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunipa nafasi. Naanza na uzito, maana askari huijua teknolojia kwanza kwa mgongo wake. Miaka ya 1980 kipokezi cha GPS, mfumo wa setilaiti unaokuonyesha mahali ulipo, alichobeba askari wa Marekani kilikaribia kilo 8. Kipokezi cha miaka ya 1990, kiitwacho PLGR, kikashuka hadi kilo moja na robo. Kilichofuata, DAGR, kilichoanza kugawiwa mwaka 2004, hakifiki nusu kilo, na kinafuatilia setilaiti 12 kwa pamoja.

Wengi huishia hapo. Mimi naona kazi kubwa zaidi imefanyika katika kusikia.

Setilaiti hizi ziko kilomita 20,200 juu yetu. Mawimbi yakifika chini yamefifia mno, hata yamezama ndani ya kelele za kawaida za redio. Kipokezi huyachomoa humo kwa kuwa kinaujua tangu awali msimbo wa mawimbi hayo, yaani mpangilio wa ishara zake, kama mzazi anavyoitambua sauti ya mwanawe katikati ya soko. Kisha hupima muda ambao mawimbi yametumia njiani, na hapo ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde umepotea mita 300. Adui basi hana haja ya kutungua setilaiti. Mtambo mdogo wa kelele unatosha kuviziba masikio vipokezi vya eneo zima.

Dawa moja ni antena yenye vipande kadhaa, inayotambua kelele zinatoka upande gani na kuupa kisogo upande huo. Nyingine ni msimbo wa M, msimbo mpya wa kijeshi, na huu nitaueleza kidogo. Vipokezi vingi vya zamani vya jeshi vilikuwa vikidaka kwanza mawimbi ya kiraia, ndipo viyafikie yale ya siri. Ukiyavuruga ya kiraia, umemkwamisha na askari. Msimbo wa M, uliopanda angani kwa mara ya kwanza mwaka 2005, hudakwa moja kwa moja, na nguvu zake zimesogezwa kandokando ya masafa, mbali na katikati wanakosikiliza raia.

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi, na nausema wazi. Mwaka 1991, katika Vita vya Ghuba, askari wengi walivuka jangwa na vipokezi vya kiraia, hivyo Marekani ikayaondolea mawimbi hayo kosa ililokuwa imeyatia makusudi. Askari na raia walisikiliza sauti moja. Sasa jeshi linaweza kuivuruga sauti ya raia na lenyewe likaendelea na safari.

Na raia huumia haraka. Aprili 2024 ndege mbili za Finnair, shirika la ndege la Finland, zilizokuwa zikienda Tartu, Estonia, zilirudi Helsinki kwa sababu GPS ilivurugwa. Shirika likasitisha safari hizo kwa mwezi mzima. Zilirejea Juni, uwanja ulipokwisha kupata utaratibu wa kutua usioitegemea GPS.