Sauti Kwanza: Mhadhara Kuhusu Video za Kutangaza Matukio ya Wanafunzi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa kamati za habari mliotoka vyuo mbalimbali: nilipopewa mada hii ya kutengeneza video ya kutangaza tukio la wanafunzi, niliombwa nianzie kwenye kamera, nami nikakataa. Kamera mnazijua, na wengi wenu mfukoni mna simu zinazopiga picha safi kuliko mitambo tuliyofundishiwa sisi. Nitaanzia kwenye sauti, na wanaonifahamu wamekwisha kuanza kutabasamu, kwa sababu wanajua kwamba huko ndiko muda wangu utakakoishia.

Kamati ya chuo kimoja, ambacho sitakitaja, iliniletea video ya usiku wao wa utamaduni ili niipitie kabla haijarushwa. Kundi la wanafunzi lilikuwa likicheza bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, na majembe yalikuwa yakirushwa juu na kudakwa kwa mwendo wa polepole, taa za jukwaani zikimetameta kwenye makali yake, huku droni ikizunguka juu ya uwanja. Juu ya picha hizo zote ulikuwa umewekwa mdundo wa Bongo Fleva usio na maneno, uliopakuliwa mahali fulani, ambao haukukubaliana hata na mguu mmoja wa mchezaji. Nikauliza sauti ya ngoma iko wapi. Nikajibiwa kwamba ilikuwa mbaya, kwa hiyo imeondolewa.

Niliomba nisikie hiyo sauti mbaya, na kweli ilikuwa imeharibika: upepo ulikuwa ukipuliza kwenye kipaza sauti cha kamera, na kamera yenyewe, kwa kuwa iliachwa ijipangie kiwango cha sauti, iliishusha sauti yote kila ngoma kubwa ilipopigwa, kiasi kwamba waimbaji walizama na kuibuka kila mara. Hata hivyo, katikati ya uharibifu huo palikuwa na sekunde chache ambapo wapigaji walinyamaza, majembe yakadakwa kwa pamoja, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele na miluzi. Hapo ndipo palipokuwa na tangazo lao, nao walikuwa wamelifuta.

Wasukuma wenyewe wanalifahamu jambo hili tangu zamani. Katika mashindano yao ya ngoma, Bagika na Bagalu, vyama viwili pinzani vya wachezaji, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Umati ndio mwamuzi. Sasa mtu anachukua ngoma ya aina hiyo, anauondoa umati, halafu anashangaa kwamba video yake haivuti watu! Video ya kutangaza inamlenga yule ambaye hakuwapo, ambaye mwaka ujao atapaswa kuamua kama aje au abaki bwenini, na kinachomshawishi ni kusikia kwamba wenzake walifurahi kweli. Tukio la wanafunzi lisilo na sauti ya wanafunzi ni kama harusi isiyo na vigelegele: utaona nguo nzuri, lakini hutajua kama kuna aliyeolewa.

Najua kuna anayejiambia moyoni kwamba siku hizi watu hutazama video bila sauti. Ni kweli kwamba mitandao mingi huianzisha video ikiwa bubu, na kwa ajili hiyo mtaandika maneno yanayosemwa chini ya picha. Lakini mtu aliyevutiwa hufungua sauti, na akiifungua akakutana na wimbo aliousikia kwenye matangazo mengine yote, hataona sababu ya kuamini kwamba kwenu kuna jambo la pekee. Kuna mwingine anayesema kwamba wimbo maarufu huleta watazamaji. Huo wimbo una mwenyewe. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na hata kama mtajidanganya kwamba COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki, haitawafikia, mtambo wa YouTube hulinganisha sauti ya video yenu na nyimbo zilizosajiliwa humo, na mwenye wimbo anaweza kuizuia video asubuhi ileile mnayoisambaza.

Basi sauti hiyo inapatikanaje? Kwanza, kamera isimame inapotaka, lakini kinasa sauti kisikae nayo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kamera iliyowekwa mita 34 kutoka jukwaani husikia ngoma sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya mkono kuigonga. Kwa video ya fremu 25, yaani picha 25 zinazofuatana, kwa sekunde, hizo ni fremu mbili na nusu, na jicho la mtazamaji huliona kosa hilo hata asipoweza kulieleza. Pili, chukueni sauti sehemu mbili. Moja itoke kwenye mikisa ya fundi mitambo, yaani mashine inayochanganya sauti za maikrofoni zote, ambako maneno ya mshereheshaji na waimbaji hufika yakiwa safi, mkihakikisha kwamba waya umechomekwa kwenye tundu la laini (LINE) la kinasa sauti, kwa maana ukichomekwa kwenye tundu la maikrofoni sauti itakwaruza usiku kucha. Lakini mikisa haina habari ya ngoma zisizowekewa maikrofoni, wala ya vigelegele, kwa hiyo kinasa sauti cha pili kiwekwe mbele, kati ya jukwaa na watazamaji, kikiwa kimevikwa kizuia upepo.

Kiwango kipangwe kwa mkono, vilele vya sauti visivuke desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha kinasa sauti, na hapa tahadharini na mazoezi ya mchana. Mchana wapigaji hugonga kwa kujihurumia, na ngoma bado hazijaota moto. Usiku ngozi zikishakazwa kwa moto na watu wakishajaa, sauti itakuwa nyingine kabisa, basi acheni nafasi. Kabla ya kuanza, mtu mmoja apige kofi moja mbele ya kamera zote, ili mhariri apate mahali pa kuoanishia, na wanaotumia simu wakumbuke kwamba simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe, kwa hiyo picha na sauti zilizooana mwanzoni zinaweza kuachana kadiri kipande kinavyorefuka.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilimwonya. Kuhusu mwanga, umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo tumieni fremu 25 au 50 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, ya sekunde 1/50 au 1/100, taa zisipepese. Kamera nyingi za picha mnato za miaka ya nyuma huacha kurekodi kabla ya dakika 30 kwa sababu ya kanuni za ushuru za Ulaya za wakati ule, na hotuba ya mgeni rasmi haizifahamu kanuni hizo, basi mtu akae karibu na kitufe. Video za 4K, yaani za ubora wa juu, kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde zitakula gigabaiti 45 za kadi kila saa. Kuhusu ridhaa ya wanaopigwa picha, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Bandikeni tangazo mlangoni, na anayeomba uso wake uondolewe aondolewe bila mjadala.

Kuhusu droni sina la kusema, kwa kuwa haina sikio. Walio na vinasa sauti wabaki, tujaribu kuviunganisha na mikisa ya ukumbi huu kabla fundi hajafunga mitambo yake.