Chombo Kinaamulia Wapi? Mhadhara kuhusu vyombo vya umeme vya nyumbani

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazee wetu mliofika, shikamooni. Vijana wa fani ya umeme na elektroniki, mambo vipi? Nimeombwa nizungumzie nyumba ya kisasa yenye vifaa janja, na nawaona wengine mmeshaandaa simu mnirekodi nikiwasha taa kwa kuongea nayo. Sitawasha taa. (Kicheko.) Nimekuja na jiko la wali la umeme lililopasuliwa tumbo.

Wa nyuma sogeeni mwone vizuri. Nimetoa sufuria ya ndani. Katikati ya sahani ya moto pana kidude cha duara, ukikibonyeza kinarudi chenyewe kwa sababu kina springi. Ndicho kinachoamua kila kitu humu. Juu kina kipande cha feraiti, yaani kauri inayovutwa na sumaku, kinachogusa kitako cha sufuria, na chini kuna sumaku iliyoshikana na wenzo wa swichi. Ukibonyeza swichi ya kupikia, sumaku inapanda, inanata kwenye feraiti, na umeme unapita. Maadamu kuna maji ndani, kitako cha sufuria hakiwezi kuzidi sana nyuzijoto 100, kwa kuwa joto lote linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Mchele ukishakunywa maji yote, joto linakosa pa kwenda na kitako kinaanza kupanda. Kikifika kama nyuzijoto 103, feraiti inapoteza usumaku, springi inashinda, mnasikia "tak!", na jiko linahamia kwenye kutunza wali usipoe.

Hakuna saa humu. Hakuna kompyuta. Aliyelibuni hakujiuliza wali unaiva kwa dakika ngapi, kwa sababu vikombe viwili na vikombe sita haviivi kwa muda mmoja. Alijiuliza maji yakiisha ni kitu gani kinabadilika ndani ya sufuria, kisha akatafuta kitu cha bei rahisi kinachoweza kuyahisi mabadiliko hayo. Ukoko wa kiasi unabaki pale chini, na wapenzi wa ukoko wanajua kuibonyeza swichi tena.

Majiko ya wali ya umeme yanayojizima yenyewe yalianza kuuzwa na Toshiba huko Japani mwaka 1955. Kazi ya kulibuni ilifanywa na Minami Yoshitada pamoja na mkewe Fumiko, aliyekuwa akipika majaribio nyumbani na kuandika vipimo. Lile la kwanza halikutumia sumaku. Lilikuwa na sufuria ndani ya sufuria, maji ya sufuria ya nje yakikauka swichi ya metali mbili zilizobandikwa pamoja inajikunja na kukata umeme. Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa wahandisi. Mimi naona anayestahili kukaa mbele ni mama aliyekuwa anajua wali ulioiva unafananaje.

Basi mkikutana na kifaa chochote kinachoitwa janja, nawaomba mkiulize mambo mawili: kinajua nini kuhusu nyumba yako, na kinaamulia wapi?

Tuchukue jiko la presha la umeme, ambalo sasa linasukumwa sana. Serikali ya Tanzania imejiwekea mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, shabaha ikiwa asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Wengi wanaliogopa jiko hili kwa sababu limeandikwa wati 1000. Tupige hesabu hapa ubaoni. Maharage na maji yake, tuseme ni sawa na lita mbili na nusu za maji, yakitoka nyuzijoto 25 hadi 115 yanahitaji kama robo ya yuniti (yuniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima). Baada ya hapo kifuniko kimefungwa, mvuke hautoki, ukuta una kizuia joto, na sensa inawasha umeme kidogo kidogo tu kufidia kinachopotea. Sufuria nzima ya maharage inamalizika chini ya nusu yuniti. Jiko la koili la wati hizo hizo lenye sufuria ya wazi litawaka muda wote, na wewe utakuwa unaongeza maji.

Kwa ndugu zetu wa Mbeya faida ni kubwa zaidi. Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, na kila mama wa huko anajua maharage yanavyokuwa mabishi. Presha inayaongezea karibu nyuzijoto 18 juu ya hapo. Lakini mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wa daraja la D1, yaani la watumiaji wadogo wa nyumbani, analipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi, kwa sharti asizidishe yuniti 75 kwa mwezi. Anayemuuzia jiko bila kumfanyia hesabu ya yuniti hizo 75 amemficha nusu ya bei.

Sasa friji. Hapa nitakaa kidogo, maana ndicho chombo kinachouawa zaidi majumbani mwetu.

Umeme umekatika, umerudi baada ya sekunde mbili. Taa zimepepesa tu, hakuna aliyejali. Ndani ya kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi ya friji, ni balaa. Gesi ya upande wa nyuma bado ina mgandamizo mkubwa, haijapata dakika zake chache za kusawazika, na mota inatakiwa kuanza upya ikiwa imebeba mzigo wote huo. Inashindwa kuzunguka, inavuta mkondo mara kadhaa ya kawaida, inapata moto, kinga yake inakata. Unasikia "tik". Baada ya muda inajaribu tena, "tik". Ongeza umeme mdogo wa saa mbili usiku. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka inashuka kwa kipeo cha pili cha volti: ukitoka volti 230 ukaja 160, inabaki chini ya nusu. Fundi atakuambia kompresa imekufa, na atakuwa sahihi, ila mwuaji hatamtaja.

Kile kiboksi tunachokiita friji gadi kinafanya mambo mawili tu. Kinapima volti, na umeme ukirudi kinasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Sakiti yake ni ndogo sana. Swali langu la miaka mingi ni kwa nini tunakinunua pembeni. Friji lililosafirishwa kuja Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura lilipaswa kuzaliwa nacho. Mafriji ya kompresa ya inveta yamesogea kidogo upande huo, kwa sababu yanageuza umeme kuwa wa moja kwa moja (DC, kama wa betri) kwanza, halafu yanaiendesha mota taratibu bila ule mshtuko wa kuanza. Ila ukiungua ubongo wa inveta, mjiandae na bei ya bodi.

Kuna herufi nyingine ambayo wauzaji wetu hawaisomi. Nyuma au ndani ya friji pana kibandiko, tafuteni palipoandikwa N, ST au T. N limebuniwa kwa chumba cha nyuzijoto 16 hadi 32. ST hadi 38. T hadi 43. Friji la N lililotumika Ulaya, likaletwa mtumba, likawekwa sebuleni Temeke mwezi wa Februari, limesukumwa hadi ukutani na kuvikwa kitambaa cha kufuma mpaka ubavuni! Mengi ya sasa yanatolea joto kwenye kuta za pembeni, ndiyo maana mkiligusa mnakuta la moto. Kitambaa cha juu na ua la plastiki acheni, hayana neno. Cha ubavuni kivueni.

Soketi nitaipitia haraka, japo inaniuma. Soketi zetu za pini tatu ni za kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, na pini ndefu ya juu, ya athi, yaani ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, imewekwa makusudi iingie kwanza ifungue vizibo vya matundu mawili ya chini, ili mtoto asichokoe kwa msumari. Sisi tunaletewa vyombo vyenye pini mbili za duara, tunachukua kalamu, tunachokonoa tundu la athi, tunachomeka. Naona mnacheka, kumbe wote mnafanya. (Kicheko.) Chombo cha bati chenye maji ndani, bila athi. Aliyekituma bila plagi inayofaa alishindwa kazi, hata kama kina wai-fai.

Nije kwenye kifaa janja ambacho tayari mnacho. Ni mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Haina haja ya intaneti, haijui namba yako ya simu, na bado inaitambua tokeni yake na kuikataa ya jirani. Zile tarakimu 20 zimebeba kiasi cha yuniti na wakati tokeni ilipotengenezwa, vyote vimefungwa kwa ufunguo wa siri ambao ni wa mita yako peke yake. Mita inafungua, inahakiki, inakumbuka isitumike mara ya pili, inawasha. Uamuzi umefanyika kwenye ukuta wako. Mtandao wa simu ukizima, tokeni uliyoiandika kwenye karatasi inaingia vilevile.

Lakini na yenyewe ilikuwa na ukomo. Ule wakati wa kutengenezwa tokeni ulikuwa unahesabiwa kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, katika nafasi ya biti 24, yaani vijisehemu 24 vya sifuri au moja. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, ambazo zilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule, ukinunua umeme, ulipewa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuibadilisha mita na la tatu la umeme wenyewe. Tarakimu 60, kwenye rimoti iliyofutika namba, na mama anasomewa na mjukuu kwa tochi. Tuseme ukweli, usumbufu ulikuwepo. Hata hivyo mita za nchi nyingi zilibadilishwa bila fundi kupanda nguzo, na kazi ikafanywa na wenye nyumba wenyewe.

Linganisheni na Revolv, kisanduku cha Marekani cha kuendeshea taa na milango, kilichouzwa dola 300 hivi. Kampuni ilinunuliwa na Nest, kampuni ya vifaa vya nyumbani iliyo chini ya Google, mwaka 2014. Tarehe 15 Mei 2016 seva, yaani kompyuta za kampuni zilizokuwa zikikiendesha, zikazimwa, na kisanduku kilichokuwa kizima kabisa kikawa hakina kazi, kwa sababu uamuzi wa kuwasha taa ya chumbani ulikuwa unafanyikia mbali. LG nao walitoa friji la intaneti mwaka 2000, kwa zaidi ya dola 20,000. Skrini mlangoni mimi sina ugomvi nayo, ila kompresa nzuri huishi zaidi ya miaka kumi, na sijaona skrini ya umri huo ambayo mtu bado anaitamani.

Vijana wanaoandaa mradi wa mwaka wa mwisho, kila mwaka naletewa taa za kuwashwa kwa simu. Mwaka huu nileteeni friji gadi iliyounganishwa ndani ya friji la mtumba, inayoandika volti ya kila saa ili mteja awe na ushahidi akienda kulalamika. Au jiko la presha linaloonyesha yuniti lilizotumia mwezi huu na zimebaki ngapi kufika 75. Vifaa vya kuanzia viko karakana, ufunguo anao fundi mkuu.

Haya, maswali. Dada wa mstari wa tatu, naona ulinyoosha mkono tangu kwenye friji.