Chuma cha Bibi Kimesuguliwa

MAMA NASRA: Baba Faraja, kabla hujafungua hicho kidaftari, naomba nianze mimi. Jumanne ilinikaa rohoni mpaka leo.

BABA FARAJA: Anza, dada. Kidaftari kina vitafunwa vitano vya asubuhi vya watoto kwa wiki nzima, vitasubiri.

MAMA NASRA: Wasikilizaji, mnamkumbuka wifi yangu wa Muheza, yule wa machungwa. Kaja kututembelea. Ni mtu wa mikono, hakai bure hata dakika. Sasa Jumatatu usiku nimesaga mchele wangu, nimeuchanganya, nimeweka kwenye friji, nimelala. Saa kumi na nusu alfajiri naingia jikoni, nawasha taa, nanyoosha mkono kuchukua chuma cha vitumbua pale kinapotundikwa. Kinameremeta!

BABA FARAJA: Kile chuma cha bibi?

MAMA NASRA: Hicho hicho, cha mashimo saba. Kimesuguliwa kwa stiliwaya na sabuni mpaka kimekuwa cheupe kama sahani ya wageni.

BABA FARAJA: Eh, jamani.

MAMA NASRA: Nikajipa moyo. Nikatia mafuta, nikamimina mzunguko wa kwanza. Vinaumuka, pembeni vinageuka rangi, vinanukia iliki. Naingiza kijiti nivigeuze: juu kinakuja, chini kinabaki. Cha pili hivyo hivyo. Vyote saba. Mzunguko wa pili nikaongeza mafuta, vikayanywa tu na kuganda vimeganda. Saa kumi na moja na dakika ishirini honi ya basi la shule getini. Nasra ameondoka na vipande viwili vya mkate mkavu. Siagi hata sijapaka. Na siku hiyo wana michezo, kurudi nyumbani ni saa kumi jioni.

BABA FARAJA: Na wifi ulimwambia?

MAMA NASRA: Nimwambie nini, baba? Ameamka ananiuliza kwa furaha, "Wifi, umeona chuma kilivyotakata?" Nikamwambia ahsante sana, na nilimaanisha. Yeye kwao wana cha alumini, kinasuguliwa kila siku. Atajuaje?

BABA FARAJA: Pole sana. Sasa hapo ndipo kidaftari changu kinapoingia, kwa sababu mtu akiandaa Jumamosi...

MAMA NASRA: Ngoja kwanza. Wapo wanaotusikiliza ambao hawajui kwa nini nalilia weusi wa chombo. Waelewe hili. Ule weusi si uchafu. Ni mafuta yaliyopashwa moto mkali juu ya chuma, siku baada ya siku, mpaka yakageuka ngozi ngumu iliyoshikana na chuma chenyewe. Hiyo ngozi ndiyo inayomwachia kitumbua atoke. Ukiiondoa, rojo inakutana na chuma kitupu, inakumbatia. Bibi alianza kukitumia Tanga kabla mama yangu hajaolewa. Piga hesabu hiyo ngozi ni ya asubuhi ngapi.

BABA FARAJA: Na inarudi?

MAMA NASRA: Inarudi, ila haitaki haraka. Nimeanza jana. Unakiosha kwa maji ya moto matupu, unakikausha jikoni mpaka usione hata tone, maana chuma kitupu kinashika kutu mchana huo huo. Halafu kitambaa na mafuta kidogo. Unapaka ndani, nje, hadi mpini, kisha unafuta kama vile hukutaka kupaka. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanaacha mafuta mengi, yanakuwa gundi. Unakiweka kwenye moto wa wastani mpaka kitoe moshi na moshi uishe. Madirisha wazi. Kipoe. Rudia. Mimi niko mara ya tatu, kimeanza kuwa na rangi ya kahawa ya kukaanga.

BABA FARAJA: Mimi naongeza moja. Kabla hujahangaika, chukua sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji. Mwaka juzi nilinunua chuma sokoni nikiambiwa ni cha kusubu. Nimepaka mafuta wiki mbili, hakiwi cheusi. Nikaweka sumaku, ikaanguka. Alumini.

MAMA NASRA: Ndiyo, alumini haishiki sumaku.

BABA FARAJA: Haya. Kitafunwa namba moja...

MAMA NASRA: Nikikutazama najua namba moja ni chapati.

BABA FARAJA: Chapati za viazi lishe.

MAMA NASRA: Zinapikwa kwenye nini?

BABA FARAJA: Mama Nasra!

MAMA NASRA: Kwenye chuma. Basi hatujatoka kwenye mada.

BABA FARAJA: (Anacheka.) Basi niacheni dakika moja na viazi lishe, navipenda kwa dhati. Vile vya rangi ya chungwa ndani. Rangi ile ndiyo mwili wa mtoto unaigeuza kuwa vitamini A. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia walipewa watu wanne, na watatu kati yao ni kwa kazi ya viazi hivi: Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga. Mwanga ni Mganda, jirani yetu kabisa. Mimi nachemsha na maganda, namenya, naponda, kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya unga. Maji unaweka kwa kijiko, maana kiazi kina maji yake. Sukari sitii hata chembe.

MAMA NASRA: Na rangi?

BABA FARAJA: Kama jua la magharibi. Faraja anaziita chapati za dhahabu. Napika ishirini Jumamosi usiku, zikipoa natenganisha kwa karatasi, friza.

MAMA NASRA: Chapati nakubali. Chapati inavumilia friza.

BABA FARAJA: Na vitumbua vinavumilia.

MAMA NASRA: Hapana.

BABA FARAJA: Vinavumilia, dada. Napika arobaini kwa mkupuo. Vikipoa vinaingia friza, havizidishi muda wa saa mbili mezani. Shirika la Afya Duniani limeliweka hilo kwenye kanuni zake tano za chakula salama, na kwa chakula cha mchele mimi sina mzaha kabisa, kwa sababu kuna vijidudu vya mchele ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Asubuhi kikaango kikavu, matone mawili ya maji, mfuniko, moto mdogo, dakika sita mpaka katikati papate moto kabisa. Watoto wanakula cha moto.

MAMA NASRA: Cha moto, lakini si kitumbua. Ile pembe inayokatika mdomoni iko wapi? Ndani panakuwa kama raba.

BABA FARAJA: Raba ni ya friji, si ya friza! Wanga wa mchele unakakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji. Kwenye friza unasimama. Watu wanaweka friji siku tatu, wanalaumu kitumbua.

MAMA NASRA: Nimeweka friza. Ramadhani ya mwaka jana nilijaribu kwa moyo mweupe. Nasra alikula kimoja akaniuliza, "Mama, hivi ni vya dukani?"

BABA FARAJA: Kwa hiyo wewe unapendekeza nini?

MAMA NASRA: Rojo ndiyo inayoandaliwa, si kitumbua. Vikombe viwili vya mchele, unaloweka asubuhi ukienda kazini, usiku unasaga na tui zito kikombe kimoja na nusu, na iliki. Hamira nusu kijiko cha chai tu, kwa sababu itaumuka usiku kucha kwenye friji, polepole. Ukiweka ya kawaida utaikuta sakafuni. Sukari zamani nilikuwa natia nusu kikombe, sasa natia vijiko viwili vya chakula na ndizi mbivu moja iliyopondwa. Alfajiri unawasha jiko, dakika kumi na tano una vitumbua ishirini. Nasra anaamshwa na harufu, sihitaji hata kumwita.

BABA FARAJA: Hapo kwenye sukari tuko pamoja. Hao hao wa Shirika la Afya Duniani wanasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima ni kama vijiko 12 vya chai, na mtoto ni pungufu ya hapo. Chai ya vijiko vitatu na maandazi mawili, mtoto hajafika hata darasani na ameshakula sehemu kubwa ya siku yake.

MAMA NASRA: Kabisa.

BABA FARAJA: Ila dakika kumi na tano, dada, si kumi na tano. Ni kuamka, kuwasha, kusubiri mafuta, kusimama pale. Ni nusu saa ya usingizi, kila siku, siku tano.

MAMA NASRA: Naijua hiyo nusu saa. Naitoa kwa hiari yangu.

BABA FARAJA: Unaitoa wewe. Mke wangu ni muuguzi. Wiki ya zamu ya usiku anarudi saa mbili na nusu asubuhi, watoto wameshaenda. Asubuhi ni yangu peke yangu, watoto wawili, mmoja hataki soksi. Ile friza ndiyo inayonifanya nikae nao mezani dakika kumi badala ya kuwapa mgongo nikigeuza vitumbua. Mimi wananiona uso.

MAMA NASRA: Na mimi Nasra anakaa kwenye kigoda pale pembeni ya jiko. Hanioni mgongo. Kitumbua cha kwanza anakula hapo hapo, anapuliza vidole, ananiambia ndoto alizoota. Hizo dakika ndizo nilizonazo na yeye, jioni nikirudi amechoka na mimi nimechoka. Bibi alitulea hivyo, tulikuwa kwenye kigoda.

BABA FARAJA: Bibi hakuwa anapanda daladala saa kumi na mbili kwenda Posta.

MAMA NASRA: Bibi alikuwa anauza hivyo vitumbua, Baba Faraja. Alikuwa anaamka saa tisa.

(Kimya.)

BABA FARAJA: Sikujua hilo.

MAMA NASRA: Saa tisa. Na hakuwa na friza ya kuchagua.

BABA FARAJA: Basi nakuuliza kwa heshima: angekuwa nayo, asingeitumia?

MAMA NASRA: Kwa kuuza, sijui. Kwa sisi, asingeitumia.

BABA FARAJA: Mimi nasema angeitumia, na angelala mpaka saa kumi, na ningefurahi kwa ajili yake.

MAMA NASRA: Hukumjua bibi.

BABA FARAJA: Sikumjua. Lakini najua mama anayelala saa sita na kuamka saa kumi, na akina mama wa namna hiyo wanatusikiliza sasa hivi. Siwezi kuwaambia wasimame jikoni alfajiri eti kitumbua cha friza si kitumbua.

MAMA NASRA: Na mimi siwezi kuwaambia ni sawasawa. Si sawasawa. Wakiweza siku mbili kwa wiki, siku mbili. Wasipoweza, wachemshe mayai, wachemshe mihogo na magimbi usiku, hivyo havina ugomvi. Lakini kitumbua usikigandishe.

BABA FARAJA: Nitakigandisha.

MAMA NASRA: Kwako.

BABA FARAJA: Kwangu. Na nitakuletea.

MAMA NASRA: Niletee, nitakula kwa heshima yako, na nitakwambia ukweli.

BABA FARAJA: Sawa. Tumebakiwa na... dakika nne. Betri ya kinasa sauti iko kwenye wekundu, na umeme huku Tabata ndiyo hivyo. Kidaftari kina mayai, uji wa ulezi, mkate wa kumimina, na mipira ya tende na karanga.

MAMA NASRA: Mkate wa kumimina ni mchele, rojo ile ile. Unataka kuokwa kwenye sufuria nzito, moto juu na chini...

BABA FARAJA: Mama Nasra, ukianza sufuria betri inakata.

MAMA NASRA: Basi sema uji. Uji ndio muhimu.

BABA FARAJA: Nilitaka kueleza kimea kwa urefu. Kwa ufupi: ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Pika uji wako mzito sana, epua, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea, koroga. Utauona unalegea mbele ya macho yako. Mtoto mdogo anakunywa kikombe kile kile lakini chakula ndani yake ni kingi zaidi. Kisha urudishe jikoni uchemke tena kidogo. Mengine ya kimea, na namna ya kuuotesha bila kuvunda, yatabaki kidaftarini.

MAMA NASRA: Mayai?

BABA FARAJA: Mayai kumenya yanachukua... hapana, tuache. Kuna mtu ametuma swali, anauliza chuma kikishashika kutu kabisa, kama kilichokaa stoo, kinafufuka?

MAMA NASRA: Kinafufuka! Hapo ndipo stiliwaya inaruhusiwa. Sugua kutu yote itoke, chumvi ya mawe na limau vinasaidia, suuza, kausha motoni hapo hapo, halafu anza kupaka mafuta kama nilivyosema. Na kitu cha kwanza kupika kisiwe kitumbua. Kaanga vitunguu vingi, uvisukumize kila shimo. Vya mwanzo vitatoka na weusi, mwaga.

BABA FARAJA: Cha bibi kiko mara ya tatu, umesema?

MAMA NASRA: Ya tatu jana. Leo nikifika nyumbani ya nne, na wifi ndiye atakayepaka. Ameniomba mwenyewe. Jumapili tunajaribu shimo moja tu, la katikati, lile lilikuwa laini kuliko yote...

(Sauti inakatika.)