Wekeni Msasa Chini Kwanza

Ndugu zangu mafundi, na nyinyi wenye vyombo mliokubali kuacha shughuli zenu, asanteni. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, maana nimekisema kila nilipopewa nafasi, na nitaendelea kukisema hadi nione mabadiliko. Wekeni msasa chini.

Kipande cha metali cha chombo kikitoka baharini kimeliwa, mkono wa fundi unawasha kukisugua. Brashi ya waya, msasa, tindikali, mpaka king'ae. Kisha anakiinua kwenye mwanga na kuuliza: hiki kimeliwa na nini? Jibu umeshalifuta, bwana! Lilikuwa kwenye ukoko ule ule uliouona uchafu.

Mwenye mashua mmoja aliniletea koki ya kuingizia maji ya bahari, ya tatu katika miaka michache. Ameisugua, inang'aa njano kama ya dukani. Mbili za mwanzo alikwisha kuzitupa. Aliambiwa chombo chake "kina umeme" unaokula metali, basi akawa anafunga kila upande vipande vya zinki, ambavyo huliwa badala ya metali nyingine, na koki zinaendelea kufa. Nilimwomba anipeleke chomboni. Pale pale ilipotoka koki nikakuta skrubu iliyokuwa ikiishikilia, haijaguswa na mtu. Nikaikwaruza kwa ncha ya kisu. Rangi ya waridi. Nikaikunja kwa vidole, ikakatika kama biskuti.

Ile haikuwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Ilikuwa shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na maji ya chumvi huitoa zinki ndani yake pole pole, ikabaki shaba tupu yenye vinyweleo. Umbo linabaki lile lile, hata hesi za skrubu zinabaki, ila nguvu imekwisha kuondoka. Kwenye koki, msasa ulikuwa umeondoa ngozi ya waridi na kufika kwenye njano ya chini. Ushahidi wote ulikuwa rangi tu, na rangi ndiyo aliyoisugua. Angebaki na zinki zake hadi siku koki inamkatikia mkononi, na bahari inaingia ndani.

Najua kuna anayetaka kuniuliza: bila kusafisha nitauonaje ufa? Safisha, sijakataza. Safisha mwisho. Kwanza piga picha kipande kikiwa bado mahali pake, uone kinagusana na nini. Tazama rangi ya kutu, tazama inakotiririkia. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize: kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Kwaruza pembe moja tu. Ni kazi ya dakika chache, na wapo wanaosema hawana muda wakati wana muda wa kufunga koki ile ile mara tatu.

La pili, ambalo nalipenda kuliko yote: msiangalie kilichooza peke yake. Angalieni kilichopona jirani yake.

Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika meli ya mbao, HMS Alarm, kwa mabati membamba ya shaba chini ya usawa wa maji, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao pamoja na majani ya bahari. Mbao zilipona. Lakini meli ilipokaguliwa mwaka 1763, shaba ilikuwa imeachia sehemu nyingi, kwa sababu misumari ya chuma iliyoishikilia imeliwa. Mkaguzi mvivu angeandika "misumari mibovu" akaagiza mingine. Wale walitazama vizuri wakaona kuna misumari mizima kabisa, na chini ya vichwa vyake kumebaki karatasi ya kahawia. Karatasi tu! Ilizuia chuma kisigusane na shaba, maana metali mbili tofauti zikigusana baharini, moja huliwa. Chuma, bahari ile ile, safari ile ile, mmoja umeoza na mwenzake mzima, na tofauti yao ni kipande cha karatasi. Hakuna chombo cha kupimia kilichohitajika. Walihitaji macho, na bahati kwamba hakuna aliyewahi kusugua.

Na hapo hapo kuna somo la ukubwa. Msumari ulikuwa mdogo, shaba ilikuwa kubwa. Metali inayoliwa, ikiwa ndogo mbele ya mwenzake mkubwa, huliwa upesi mno. Geuza, msumari wa shaba kwenye bamba pana la chuma, na mambo huenda pole pole. Kwa hiyo ukikuta bolti imeliwa, pima kwa macho ukubwa wa kile ilichofungiwa.

Hata zinki ya kafara isomeni hivyo hivyo. Mtu anafurahi kwamba mwaka mzima zinki yake haijapungua. Usifurahi! Kazi yake ni kuliwa. Kama iko salama, ama imepakwa rangi, ama haijagusana vizuri na kile inachokilinda, na kingine kinaliwa badala yake. Na anayesema "basi tuongeze zinki" nitamjibu kwamba zinki nyingi mno nazo hudhuru: kwenye chombo cha mbao, ukiona unga mweupe na mbao zimelainika kuzunguka bronzi, ulinzi umezidi na magadi yanayozalika pale ndiyo yanayokula mbao.

Naona mnanionyesha saa. Nitakimbia.

Umeme unaovuja kutoka kwenye betri una alama yake: mashimo masafi yanayong'aa, kingo kali, na kasi ya kutisha, wiki badala ya miaka. Metali mbili zikigusana baharini husukumana kwa sehemu tu ya volti moja. Betri ni volti 12. Kwa hesabu ya mwanasayansi Michael Faraday, ampea 1 ikipita mwaka mzima hula kilo 9 hivi za chuma. Tafuta waya wa pampu uliozama kwenye maji ya ngama, chini kabisa ndani ya chombo, anza hapo.

Stenlesi inahitaji oksijeni ili ngozi yake inayoikinga ijitengeneze. Pasipo na hewa, chini ya mpira au ndani ya mbao zilizolowa, huliwa kwa ndani huku kichwa cha bolti kinang'aa. Ukiona machozi ya kahawia chini ya kichwa hicho, ifungue uitoe yote, usiyafute. Ya alumini tutayaacha, samahani sana.

Mezani nimeweka vipande 12, kama vilivyotoka majini, na ukoko wake. Njooni mvigeuze, mniambie kila kimoja kimeliwa na nini. Kisu cha kukwaruzia kipo. Msasa sikuleta.