Treni Usiyoisikia

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu ni kaka Baraka, ambaye leo kaja na daftari limejaa hesabu. Naogopa.

BARAKA: Usiogope dada, hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Tuanze na asubuhi moja kule Wales, tarehe 3 Julai 2019, mahali panaitwa Margam. Mafundi wa njia watatu wako pale treni inapobadilishia reli, wanashughulika na nati. Mashine yao ni ya petroli, kelele tupu, kwa hiyo wamevaa vikinga masikio.

ZUHURA: Na njia haijafungwa?

BARAKA: Haijafungwa. Ikatokea treni ya abiria iendayo London. Dereva akapiga honi, akashika breki ya dharura. Treni ilipowafikia ilikuwa bado inakwenda karibu kilomita 80 kwa saa. Wawili walifariki, wa tatu akaponea chupuchupu.

ZUHURA: Ngoja kwanza. Yaani kifaa cha kuwalinda masikio ndicho kilichowaziba wasisikie honi?

BARAKA: Hicho pamoja na mashine. Lakini wachunguzi hawakuishia hapo, na ndiyo maana nimewaleta leo. Wanaitwa RAIB, taasisi ya Uingereza ya kuchunguza ajali za reli, imeanza kazi mwaka 2005. Hawatafuti wa kumlaumu. Hiyo kazi ina wenyewe: polisi na mdhibiti wa usalama wa reli. Wao wanauliza ilikuwaje, na kwa nini.

ZUHURA: Huku kwetu mabehewa hayajainuliwa, mtaani wameshapata jina la mzembe.

BARAKA: Na pale Margam jibu la mtaani lilikuwepo. Timu ya watu sita iligawanyika, hawa watatu wakabaki bila mtu wa kuwaangalizia treni. Kazi ilipangwa ifanyike mchana, njia ikishafungwa, wao wakaanza asubuhi. Ukiishia hapo, faili limefungwa: wazembe.

ZUHURA: Kumbe?

BARAKA: Kumbe hawa ni watu wazoefu, wanajuana. RAIB wakakuta kwamba kulegeza utaratibu kulishakuwa kawaida, hakuna anayemshtua mwenzake. Halafu wakapanda juu zaidi: Network Rail, wenye njia, kwa miaka mingi hawakuwa wamelishughulikia ipasavyo suala la watu kufanya kazi relini huku treni zinapita. Mwezi huohuo wa ajali, mdhibiti aliwapa amri rasmi ya kurekebisha mambo.

ZUHURA: Sasa hiyo hesabu.

BARAKA: Kanuni yao inasema, ukifanya kazi njia ikiwa wazi, uwe umeshatoka na kusimama mahali salama sekunde 10 kabla treni haijafika. Tuseme kuzima mashine, kuibeba na kutoka kunakula sekunde 15. Jumla 25. Treni ya kilomita 120 kwa saa inameza mita 33 kila sekunde.

ZUHURA: Mita mia nane na ushee.

BARAKA: Anayeangalia treni lazima aione ikiwa mbali hivyo. Weka kona hapo, weka ukungu, weka mtu aliyeanza kusinzia.

ZUHURA: Sasa weka SGR yetu, ile reli mpya ya kisasa, kilomita 160 kwa saa.

BARAKA: Mita 44 kwa sekunde. Mara 25, umevuka kilomita moja. Na ile ni ya umeme, haina ule muungurumo wa dizeli wa kukushtua.

ZUHURA: Aisee. Lakini hiyo angalau ina dereva. Mimi kinachoninyima usingizi ni kile kinachoteremka chenyewe.

BARAKA: Basi sikia hii ya Tebay, kaskazini mwa Uingereza, Februari 2004. Alfajiri, giza, mafundi wanafanya kazi. Juu mlimani, kilomita kadhaa kutoka walipo, kuna toroli limebeba vyuma vya reli. Breki zake zilikuwa zimekatwa makusudi, limezuiliwa kwa vipande vya mbao. Likaponyoka.

ZUHURA: Bila injini.

BARAKA: Bila injini, bila taa, bila honi. Na kule chini mitambo yao inanguruma. Wanne walifariki. Hapo mahakama ilihusika, na watu wawili walifungwa, mwenye kampuni mmoja wao. Kutolaumu hakuna maana kwamba aliyekata breki anaachwa.

ZUHURA: Mlima na breki, sisi hatuhitaji kwenda Uingereza. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi kinyumenyume, ikashuka mlima mkoani Dodoma hadi ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Nyumbani kwetu redio haikuzimwa wiki nzima.

BARAKA: Na Machi 2020 mkoani Tanga, kiberenge kilichobeba wafanyakazi wa TRC, Shirika la Reli Tanzania, kiligongana na treni ya mizigo. Kiberenge, kwa wasiokijua, ni kile kigari kidogo cha kukagulia njia.

ZUHURA: Kwa hiyo dawa ni nini, mlinzi mwenye macho makali?

BARAKA: Dawa ni treni zisipite. Funga njia, fanya kazi, fungua. Baada ya Margam, Network Rail walipunguza sana zile kazi za kumtegemea mtu mmoja apige honi watu wakimbie.

ZUHURA: Abiria watanuna kwa kuchelewa.

BARAKA: Wanune.

ZUHURA: Mjomba wangu alikuwa fundi wa njia, reli ile ya zamani. Alikuwa akituonyesha: anapiga goti, anabandika kiganja kwenye chuma, anatulia. "Inakuja," anasema, na sisi hatusikii kitu. Tulimwona mchawi. Mwaka jana nikampandisha SGR kwenda Morogoro. Watu wanapiga picha, yeye kakaza macho dirishani, anaangalia kokoto na mataruma ya zege. Nikamwuliza, mjomba, umeipenda? Hakunijibu. Tunakaribia Ngerengere ndipo akageuka: "Hawa vijana wanaotengeneza humu, treni wanaisimamisha saa ngapi?"